Homa, koo na umio: Daftari za Kericho na Bomet na lugha ya utafiti wa tiba

Ukishika barabara ya kutoka mjini Kericho kwenda Litein, kisha Sotik hadi Bomet, utaiona michai imetandazwa pande zote kama mkeka wa kijani. Wengi wetu tunalijua eneo hili kwa mambo mawili: chai na mvua ya alasiri. Wachache wanajua kwamba jina la Kericho na la Bomet huchipuka mara kwa mara katika majarida makubwa ya tiba duniani. Malaria ya nyanda za juu, virusi vya UKIMWI na saratani ya umio ni magonjwa matatu ambayo wanasayansi wa ng'ambo hawawezi kuyaandikia historia kamili bila kupitia hapa.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: haya yanahusiana vipi na safu ya lugha? Yanahusiana sana. Mimi ni mzaliwa wa Bureti, na kazi yangu ya miaka mingi ni Kiswahili, si tiba. Lakini nikiisoma historia ya utafiti uliofanywa huku kwetu, ninaona jambo moja likijirudia. Kilichodumu ni daftari zilizowekwa na watu wa papa hapa, na maneno yaliyotumika kumuuliza mgonjwa. Mpango wa utafiti unaoacha lugha iwe kazi ya dakika ya mwisho, baada ya bajeti kupitishwa na magari kununuliwa, hujenga nyumba kuanzia paa.

Tuanze na homa.

Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho katika miaka ya 1920. Kampuni zilihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka nje ya Kericho, hasa Kisii na pande za Ziwa Viktoria. Hivyo kambi za wafanyakazi zikawa mahali pa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa daraja. Kericho iko juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haimpendezi mbu. Hata hivyo malaria ilizuka kwa vishindo. Katika miaka ya 1940 daktari P.C.C. Garnham aliandika kuhusu milipuko ya malaria katika nyanda za juu za Kenya. Milipuko hiyo iliwaumiza watu ambao miili yao haikuwa imezoea ugonjwa huo.

Mashamba yakajenga hospitali, na hospitali zikaweka daftari. Hapa ndipo historia inaponoga. Hospitali ya shamba la Brooke Bond iliendelea kuandika wagonjwa wake wa malaria tangu miaka ya 1960, mwezi baada ya mwezi. Aliyekuwa akiandika hakuwa na habari ya mjadala wa mabadiliko ya tabianchi. Alikuwa akitimiza wajibu wake tu. Lakini kwa sababu shamba lilikuwa lile lile, na hospitali ile ile, daftari hilo liligeuka kuwa hazina. Mwaka 2000 Dennis Shanks na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo tangu 1965. Ulionyesha jinsi malaria ilivyorudi kwa nguvu baada ya miaka mingi ya utulivu.

Kwa nini ilirudi? Basi hapo wasomi wakavaana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko kubwa la hali ya hewa katika maeneo manne ya nyanda za juu Afrika Mashariki, Kericho likiwa mojawapo. Kwa upande wa Kericho, kidole kilinyooshewa zaidi usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini, dawa ambayo Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakajibu kwamba joto lilikuwa limepanda kweli, na kwamba hata upandaji mdogo wa joto unaweza kumnufaisha mbu pakubwa.

Data ya joto iliyotumiwa mwanzoni ilitoka katika makadirio ya kidunia yaliyogawa ardhi kwa miraba. Mraba mmoja unaweza kumeza mlima na bonde kwa pamoja. Mwaka 2011 Judy Omumbo, mwanasayansi Mkenya, pamoja na wenzake wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya na wengineo, walirudi kwenye kituo chenyewe cha Kericho. Walisoma vipimo vya kila siku kuanzia 1979 hadi 2009. Walikuta joto limepanda kwa takriban nyuzi 0.2 za Selsiasi kila miaka kumi. Hawakusema kwamba joto peke yake ndilo lililoleta malaria. Walisema kwamba hoja ya kuwa Kericho haikupata joto haina tena pa kusimama. Makadirio ya mbali yalirekebishwa na vipimo vya mtu aliyekuwa akienda kusoma kipimajoto asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Nchini Tanzania, na katika vitabu vingi, homa ni joto la mwili linalopanda. Nchini Kenya mtu akikuambia "niko na homa", mara nyingi anamaanisha mafua: pua inatiririka na kichwa kinagonga. Na ukimuuliza kama ana malaria, atakuambia "ndiyo" kwa maana ya uchovu wowote unaouma viungo. Mtafiti anayebeba dodoso lililotafsiriwa Dar es Salaam akaja nalo Kericho na kuuliza, "Je, umekuwa na homa wiki mbili zilizopita?" atapata jawabu la swali ambalo hakuuliza. Nambari zitaingia kwenye kompyuta zikiwa safi kabisa, na hakuna mtakwimu atakayegundua kwamba mafua yamehesabiwa kuwa dalili ya malaria. Kuuliza "Je, mwili wako umekuwa moto kuliko kawaida?" hakuna mbwembwe, lakini kunafika.

Ugonjwa wa pili ulileta neno gumu zaidi: damu.

Kitengo cha utafiti wa tiba cha jeshi la Marekani, kijulikanacho kama Walter Reed, kimekuwa Kenya tangu 1969, na kwa miaka mingi kimefanya kazi pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa 1979. Mjini Kericho kazi yake kubwa imekuwa virusi vya UKIMWI. Kuanzia 2003 watafiti waliwaandikisha watu wazima 2,801 waliokuwa wakiishi katika mashamba ya chai, wakawapima na kuwafuatilia. Asilimia 14.3 walikuwa na virusi. Linganisha na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka huo huo, uliokadiria asilimia 6.7 kwa watu wazima nchini. Nyuma ya pazia la kijani palikuwa na msiba.

Baadaye, kuanzia 2009, Kericho ilijiunga na utafiti mwingine uliofanyika pia Uganda, Tanzania na Thailand. Huo ulitaka kuona virusi vinafanya nini katika siku za kwanza kabisa za maambukizi. Ili kuzinasa siku hizo, watu zaidi ya 2,200 ambao hawakuwa na virusi lakini walikuwa katika hatari kubwa walichomwa kidoleni mara mbili kwa wiki. Hebu fikiria mpango huo unahitaji nini: nauli, saa za kliniki zisizogongana na saa za kazi, maabara isiyokatikiwa umeme, washauri wa kinga. Matokeo yalichapishwa 2016 katika jarida la tiba la New England. Sayansi ya chanjo imeyategemea tangu hapo.

Lakini kabla ya yote hayo, mtu anayeombwa damu mara mbili kwa wiki lazima aelewe ni kwa nini. Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya damu. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilishaliorodhesha neno mumiani pamoja na imani kwamba ni dawa itokanayo na damu ya watu. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima kuhusu uvumi wa wanyonya damu enzi za ukoloni, na Wenzel Geissler ameonyesha jinsi neno kachinja lilivyowaandama watafiti wa tiba magharibi mwa Kenya hata katika miaka ya karibuni. Si haki kuwacheka waliovumisha. Uvumi huzaliwa pale ambapo maelezo hayakutolewa, au yalitolewa kwa lugha isiyoingia akilini. Anayechukua damu na asirudi kusema aliona nini amefanya nini tofauti na mumiani?

Sheria yetu imeliona hilo. Sheria ya Kenya kuhusu UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza utafiti wa kitabibu kuhusu ugonjwa huo kwa mtu yeyote bila yeye kukubali baada ya kuelezwa. Watafsiri wetu huliita jambo hilo "idhini" au "ridhaa", kana kwamba ni pacha. Si pacha. Idhini ni ruhusa: huombwa kwa mwenye mamlaka, na aghalabu huja na sahihi na muhuri. Ridhaa ina undugu na radhi. Ni kutosheka kwa moyo. Meneja wa shamba anaweza kutoa idhini ya watafiti kuingia kambini. Mchuma chai ndiye peke yake anayeweza kutoa ridhaa ya damu yake. Neno moja likitumika kwa yote mawili, ni rahisi mfanyakazi kudhani kwamba bosi akishakubali, naye amekubali.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na kundi moja la watafiti, ambalo sitalitaja, nihakiki tafsiri ya fomu ya ridhaa. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kulinganisha dawa mbili, na kila mgonjwa angewekwa kundi lake bila upendeleo. Mtafsiri alikuwa ameandika kwamba mgonjwa atapewa dawa "bila mpango". Jiweke mahali pa mama aliyetoka Kapkatet na mtoto mgongoni, asomewe kwamba daktari atamtibu bila mpango! Mwenzangu mmoja alipendekeza "bahati nasibu". Nikamkumbusha kwamba kwa Mkenya wa leo bahati nasibu ni mchezo wa kamari wa kwenye simu. Mwishowe tulikubaliana na maelezo marefu kidogo: kwamba itapigwa kura, na kwamba si daktari wala mgonjwa atakayechagua. Fomu iliongezeka mistari mitatu. Msimamizi wa mradi alilalamika kwamba muda umekwisha, maana tafsiri ilikuwa imepangiwa siku mbili katika mradi wa miaka mitatu. Siku mbili!

Ugonjwa wa tatu unatupeleka Bomet.

Hospitali ya Tenwek ilianzishwa na wamishenari mwaka 1937, na daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika 1959. Leo ni hospitali kubwa inayofunza pia madaktari wapasuaji. Tangu 1969 Ahmed na Cook walikuwa wamechapisha takwimu zilizoonyesha kwamba saratani ya umio ni nyingi magharibi mwa Kenya. Umio, kwa msomaji ambaye neno hili ni geni, ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tenwek wagonjwa walikuwa wakifika wakiwa hawawezi kumeza hata uji. Daktari mpasuaji Russell White na wenzake walifungua daftari za hospitali, na mwaka 2002 wakaandika katika jarida la Lancet jambo lililowashtua wataalamu: huko Bomet ugonjwa huu ulikuwa ukiwapata hata vijana, wengine hawajatimiza miaka 30. Kwingi duniani ni ugonjwa wa wazee.

Kilichofuata ni mfano mzuri wa kupanga utafiti kwa ngazi. Daftari lilizaa swali. Swali likazaa uchunguzi wa jamii: mwaka 2016 Michael Mwachiro na wenzake walichapisha matokeo ya watu wazima takriban 300 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Walitiwa kamera kooni, na umio ukapakwa ayodini ya Lugol, ambayo huipaka ngozi ya ndani iliyo salama rangi ya kahawia na kuacha palipoharibika bila rangi. Takriban mmoja kati ya saba alikuwa na mabadiliko yanayoweza kuishia katika saratani. Kutoka hapo zikaja tafiti za visababishi. Zile zilizoratibiwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, zilimhusisha Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, pamoja na wenzake wa Tanzania na Malawi. Waliangalia pombe, tumbaku, meno, moshi wa jikoni. Na, ole wetu, chai.

Mwaka 2016 IARC ilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka 2019 matokeo ya magharibi mwa Kenya yalionyesha kwamba wanaokunywa chai ikiwa moto sana wamo hatarini zaidi. Tatizo si jani la chai. Ni ule moto wake. Kwetu sisi, kumkaribisha mgeni kwa chai iliyopoa ni karibu na kumtukana.

Hapa lugha inarudi tena mlangoni. Ukimuuliza mzee wa Silibwet kama hunywa chai "moto" au "moto sana", atakujibu kwa kipimo cha ulimi wake. Kinachoitwa vuguvugu nyumba hii ni moto nyumba ile. Watafiti wa Kilimanjaro, Tanzania, walilijibu tatizo hilo kwa njia ya kupendeza: walichukua kipimajoto na kupima chai pale mtu anapoanza kuinywa. Wastani ulizidi nyuzi 70. Pale ambapo neno haliwezi kubeba mzigo, mpangaji mwerevu hulitafutia msaidizi.

Na hilo neno umio? Ni zuri, liko kamusini, na ninalitetea. Lakini katika vijiji vya Bomet watu husema "kansa ya koo", na koo kwao ni kote: panapotoka sauti, panapouma ukiwa na mafua, panapopita ugali. Dodoso likiuliza kuhusu umio, mhojiwa atakubali kwa heshima tu. Likiuliza kuhusu koo, litakusanya kila kikohozi. Swali lenye faida ni "Je, chakula hukwama unapomeza?" Na kwa wazee wengi swali hilo sharti liulizwe kwa Kikipsigis. Kiswahili nacho kinaweza kuwa lugha ya ofisi kwa mtu aliyezeeka shambani mwake. Nasema hivi nikiwa mwalimu wa Kiswahili.

Kuna istilahi moja zaidi ninayotaka kuikosoa. Vitabu vyetu vya mbinu za utafiti humwita anayehojiwa "mtafitiwa". Kisarufi halina kosa. Lakini tazama kiambishi -w- kilivyomlaza chali: yeye hufanyiwa, hatendi. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba uliopitishwa mara ya kwanza 1964, lilirekebishwa 2024, na mojawapo ya mabadiliko ni kuwaita watu hao washiriki. Kiswahili kina neno hilo tayari: mshiriki. Mtu aliyechomwa kidole mara mbili kwa wiki ni mshiriki, maana bila yeye hakuna utafiti. Na mshiriki ana fungu katika matokeo. Ndiyo sababu ninalipenda neno mrejesho: kinachorudishwa kwa mwenyewe.

Suala hili si la vitabuni tu. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya nchini ikayumba. Wakenya waliuliza juu ya dawa, na walikuwa sahihi. Mimi nauliza pia juu ya daftari. Mfadhili akifunga ofisi, kumbukumbu za wachuma chai zinabaki mikononi mwa nani? Fomu zilizotafsiriwa kwa taabu zinahifadhiwa wapi ili mradi ujao usianze tena na "bila mpango"? Kaunti za Kericho na Bomet sasa ndizo zinazosimamia hospitali zake, na vyuo vikuu viko karibu. Kabianga ilipata hati yake 2013. Kazi ya kuwaweka pamoja karani wa hospitali, mtakwimu na mtu wa lugha haihitaji kusubiri ndege kutoka ng'ambo.

Ushauri wangu kwa wanaoandika mapendekezo ya utafiti ni mwepisi kuutaja, ingawa una gharama. Mwalike mtu wa lugha siku ya kwanza, wakati maswali yanaundwa, asiitwe tu kuyavisha maswali yaliyokwisha kupikwa. Yajaribuni maswali hayo kwa watu kumi kambini, kisha muwaombe wayaeleze kwa maneno yao wenyewe. Hapo ndipo "homa" na "koo" zitakapojifichua. Mlipeni vizuri anayeandika daftari, na mwelezeni kinachofanywa na anachokiandika. Halafu tengeni fedha za mrejesho katika bajeti ya kwanza kabisa, ili zisitafutwe kwenye makombo ya mwisho.

Mrejesho wenyewe si lazima uwe semina hotelini. Kuhusu saratani ya umio, kwa mfano, unaweza kuwa sentensi moja ya Kikipsigis au ya Kiswahili, itamkwe kanisani, kwenye baraza la chifu na pale wakulima wanapopanga foleni kupimiwa majani chai: mimina, subiri kidogo, ndipo unywe.